Maswali ya Wasomaji: Roketi ya Karatasi na Safari Yake ya Kurudi

Tangu tulipogusia mchezo wa kurusha roketi ndogo za karatasi, zile ambazo wazazi wengi wanaoishi Marekani hukutana nazo kwa mara ya kwanza kupitia shule za watoto wao, barua zimekuwa zikija kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua nne. Mbili zimejibiwa kwa urefu kwa sababu zinauliza yale ambayo karibu kila msomaji aliuliza.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa naishi Silver Spring, Maryland, na familia yangu. Binti yetu mwenye umri wa miaka 10 alipewa zawadi ya roketi ya kuunganisha. Ameiunganisha mwenyewe, ameipaka rangi nyekundu, na kila siku ananiuliza lini tutakwenda kuirusha kwenye siku ya wazi ya warushaji. Nina hofu mbili. Kwanza, injini yake ina baruti, na mimi nimekua nikiambiwa baruti si kitu cha mtoto. Pili, mimi ni mgeni katika nchi ya watu, na sipendi nikutwe uwanjani na kitu kinachotoa moshi na kuruka angani. Je, jambo hili ni halali? Na siku yenyewe huendaje?
— Baba wa Binti Mmoja

JIBU: Ndugu yetu, hofu zako zote mbili ni za mzazi makini, nasi tutaanza na ya pili kwa kuwa majibu yake ni mafupi. Sheria ya usafiri wa anga ya Marekani inaziweka roketi za aina hii katika daraja la kwanza, yaani zile ambazo uzito wake wote hauzidi gramu 1,500, fueli yake haizidi gramu 125, na mwili wake ni wa karatasi, mbao au plastiki inayovunjika, bila sehemu kubwa za chuma. Roketi ya daraja hilo haihitaji kibali cha mamlaka ya anga, mradi isihatarishe watu, mali wala ndege. Hata hivyo wewe unaishi jirani na Washington, na anga la kuuzunguka mji ule lina masharti yake maalumu. Kwa hiyo usiirushe roketi hiyo katika bustani ya mtaani kwenu hata kama ni pana na haina watu. Nenda kwenye siku iliyoandaliwa na chama, ambapo wenyeji wameshamalizana na wenye mamlaka kabla wewe hujafunga mlango wa gari. Kwa miaka mingi umma ulikuwa ukialikwa kurusha roketi Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye kituo cha wageni cha Goddard Space Flight Center cha NASA, mjini Greenbelt, ambako si mbali na kwako. Hakikisha tu kama mwaliko huo bado upo, na tarehe yake, kabla ya kutoka, kwa kuwa upepo, mvua na ratiba za serikali huahirisha mambo.

Kuhusu baruti, injini atakayotumia binti yako ni kibomba cha karatasi ngumu chenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 70, karibu sawa na kidole cha shahada cha mtu mzima. Ndani yake baruti nyeusi imeshindiliwa na mashine kiwandani hadi ikawa ngumu kama chaki, na mdomo wa nyuma umezibwa kwa udongo mkavu wenye tundu jembamba la kutokea gesi. Hutumika mara moja, ikatupwa. Hakuna anayeijaza upya wala anayechanganya chochote jikoni, na hilo ndilo lililokuwa kusudi la mchezo huu tangu ulipoanza. Mwaka 1954, huko Norfolk katika jimbo la Nebraska, Orville Carlisle, mwenye duka la viatu aliyependa fataki, alishirikiana na ndugu yake Robert, mpenzi wa ndege za mfano, wakatengeneza roketi ya karatasi yenye injini ya kubadilisha na parachuti ya kuirudisha. Mwaka 1957 Carlisle alisoma makala ya G. Harry Stine, aliyekuwa amefanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, kuhusu vijana waliokuwa wakijijeruhi kwa kushindilia fueli ndani ya mabomba ya chuma, akamwandikia kumweleza kwamba yeye anayo njia nyingine. Mwaka huohuo chama cha taifa cha warushaji, NAR, kikaanzishwa, na kanuni zake za usalama ndizo mtakazosomewa uwanjani. Kwa hiyo aliyekwambia baruti si kitu cha mtoto hakukosea, na waliouanzisha mchezo huu walikuwa upande wake.

Sasa siku yenyewe. Mwambie binti mapema kwamba kungoja kutakuwa kwingi kuliko kurusha, kwa sababu mtoto asiyelijua hilo huchoka saa ya kwanza. Mtakapofika mtaona meza, safu ya majukwaa madogo yenye nyaya, kamba iliyofungwa kuonyesha mpaka ambao watazamaji hawauvuki, na watu wazima wengi kuliko watoto, jambo ambalo huwashangaza wageni. Binti atajaza kadi yenye jina la roketi yake na aina ya injini. Kisha ataipeleka kwa msimamizi wa usalama, naye ataishika mkononi na kuikagua kama muuza samaki anavyokagua samaki: atatikisa kila pezi kuona kama gundi imeshika, atavuta pua kuona kama inatoka bila kukwama, na atachungulia kijibomba kidogo kilichobandikwa ubavuni, kinachofanana na kipande cha mrija wa soda, ambamo ufito wa chuma wa jukwaa utapita. Akiridhika atatia saini. Asiporidhika atawaambia cha kurekebisha, nanyi msione haya, kwa maana hata wazee wenye miaka 40 ya mchezo huu hurudishwa mezani.

Jukwaani, binti ataishusha roketi kwenye ufito hadi itue chini. Katika tundu la udongo la injini mtakuwa mmeshaingiza kiwashio, yaani waya mwembamba wenye ncha iliyochovywa dawa inayowaka haraka, na kukishikilia kwa kizibo cha plastiki ili kisichomoke. Vibanio viwili vya umeme vitashika ncha za waya, kimoja kila upande, na hapo ndipo penye makosa mengi ya wanaoanza: vibanio vikigusana, umeme huzunguka bila kufika kwenye dawa, kitufe kinabonyezwa, na hakuna kinachotokea. Basi avitenganishe kabisa, kisha arudi nyuma ya mpaka. Kwa injini ya herufi D au ndogo zaidi (herufi huonyesha ukubwa wa msukumo, kama tutakavyoeleza mbele) kanuni inataka watu wakae angalau mita 5 kutoka jukwaani, na kwa kubwa zaidi mita 9. Katika siku za umma wenyeji huongeza umbali huo, na hufanya vyema.

Msimamizi atauliza kama anga ni tupu, ataangalia kama kuna ndege inayopita, kisha atahesabu kurudi nyuma kuanzia tano. Hakuna kanuni inayolazimisha hesabu hiyo iwe ya Kiingereza, na nimewahi kusikia uwanja mzima ukiitikia "tatu, mbili, moja" nyuma ya mtoto mmoja aliyekataa kuhesabu kwa lugha nyingine. Utasikia mlio wa kufyatuka, mkali na mfupi, kama mtu anayechana kitambaa kwa nguvu. Roketi haipandi polepole kama zile za televisheni. Injini ya kawaida humaliza kazi yake chini ya sekunde 2, na ukipepesa macho utabaki na uzi wa moshi mweupe na harufu ya fataki za sikukuu. Kisha kimya. Roketi bado inapanda kwa kasi iliyojikusanyia, nawe huioni, na watu wote wameinua nyuso na viganja juu ya macho. Halafu inasikika "pa!" ndogo ya mbali, kitone chekundu kinatokea mahali ambapo hukuwa ukipatazama, na parachuti inafunguka.

Ikitokea kitufe kimebonyezwa na roketi ikabaki kimya, mtu yeyote asiikimbilie. Ufunguo wa usalama hutolewa kwenye kisanduku cha kurushia, kisha hungojwa sekunde 60 kamili kabla ya mtu kuisogelea. Na ikiangukia waya wa umeme au mti mrefu, hiyo imekwenda, hakuna kuipandia. Mfundishe binti sheria hizo mbili nyumbani, maana uwanjani furaha huziba masikio.

SWALI: Mpendwa Mjibu Maswali, mimi ni mama wa mvulana wa miaka 12, tunaishi Columbus, Ohio. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye siku ya wazi, roketi ya mwanangu ikapaa vizuri sana na watu wakapiga makofi, lakini ikarudi kama jiwe. Parachuti ilitoka, ila haikufunguka. Ilikuwa imekunjamana na kushikamana, na pembeni ilikuwa imeyeyuka kidogo. Mapezi mawili yalivunjika. Mwanangu alilia ndani ya gari hadi nyumbani, na sasa anasema hana mkono wa bahati. Tulikosea wapi?
— Mama wa Columbus

JIBU: Mama yetu, mwambie kijana kwamba bahati haikuhusika, na kwamba aliyoyaona yeye yamempata kila mrushaji, akiwemo huyu anayeandika. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na sijui kama kuna mchezo unaoustahili usemi huo kuliko huu. Kupanda kumeshafanyiwa kazi kiwandani: injini ikiwaka, roketi itakwenda juu utake usitake. Kushuka ndiko kunakoachwa mikononi mwa mrushaji, naye anakuwa ameshakuamua akiwa mezani, dakika 10 kabla ya kuhesabiwa tano.

Mimi nililijifunza hilo mwezi wa Februari, siku ya jua kali na baridi kali zaidi, baada ya kukunja parachuti yangu usiku uliotangulia ili nisipoteze muda uwanjani. Niliikunja kwa ustadi, nikaibana, nikaifunga kwa nyuzi zake, nikaenda kulala nikijiona fundi. Kesho yake roketi ilipanda mpaka ikapotea machoni, "pa!" ikasikika mahali pake, na kilichotoka kilikuwa kitu kama sigara ya plastiki kilichoning'inia kwenye nyuzi bila kufunguka hata kidogo. Plastiki ile nyembamba, ikikaa imebanwa usiku kucha na kisha ikapigwa na baridi, hukumbuka mikunjo yake. Bomba la roketi lilijichimbia kwenye majani mpaka nusu. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu aliitazama, akanikabidhi kopo la poda ya watoto, akaondoka bila kusema neno.

Basi fanyeni hivi. Anzeni na karatasi laini zisizoshika moto, zile zinazouzwa pamoja na injini. Kazi yake ni kukaa kati ya injini na parachuti, kwa sababu injini inapomaliza kusukuma na muda wake wa kungoja ukapita, hutoa mlipuko mdogo upande wa mbele, na mlipuko huo ndio unaoisukuma pua itoke pamoja na parachuti. Gesi yake ni ya moto. Parachuti yenu imeyeyuka pembeni kwa sababu karatasi zilikuwa chache, au zilishindiliwa zikawa donge lenye nafasi pembeni, na moto ukapita hapo. Chukueni vipande vitatu au vinne, vikunjeni kila kimoja kivyake kwa kulegeza, mvitumbukize kimoja kimoja hadi vijaze bomba kwa urefu wa kama mara mbili ya upana wake. Vinatakiwa viguse kuta zote bila kukazwa. Msibadilishe kwa karatasi za chooni za kawaida, maana hizo huwaka na kushuka zikiwa na cheche juu ya majani makavu.

Kisha parachuti. Itandazeni mezani, mnyunyizie poda kidogo pande zote mbili, mpanguse iliyozidi. Shikeni kitovu chake kwa vidole viwili na nyuzi zote kwa mkono wa pili, mvute taratibu mpaka iwe na umbo la mwavuli uliofungwa. Ikunjeni mara mbili au tatu kwa urefu, muizungushe kwa ulegevu, na nyuzi mzizungushe juu yake mara moja au mbili tu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: huzizungusha mara nane kwa kuogopa zisichanganyike, na hewa inahitaji sekunde nyingi kuzifumbua, ilhali roketi haina sekunde hizo. Itumbukizeni bombani. Isipoteleza kwa urahisi, itoeni muikunje upya. Msiisukume kwa kalamu. Mwisho wekeni pua, mgeuze roketi kichwa chini. Pua ikae pale ilipo, lakini mkiitikisa kidogo idondoke. Ikidondoka yenyewe, ongezeni kipande cha utepe wa karatasi shingoni mwake; ikikataa kutoka, ipigeni msasa. Na kazi hii yote ifanyike uwanjani, dakika chache kabla ya zamu yenu.

Kuna jambo la mwisho ambalo hukuliuliza, lakini litawapata mtakapofanikiwa. Parachuti ikifunguka vizuri, upepo huichukua. Chukulia roketi imefika mita 200 na inashuka mita 4 kwa sekunde: itakuwa hewani sekunde 50. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida tu wa kupepea bendera, utaipeleka mita 250 kutoka hapo ilipofungukia. Nimewaona wazazi wakivuka mashamba mawili ya mahindi wakiifuata roketi iliyotua salama salimini kwa jirani. Dawa yake ni kukata tundu la duara katikati ya parachuti ili ishuke haraka zaidi, au, kwa roketi nyepesi, kuiondoa kabisa na kufunga utepe mrefu wa rangi ya kung'aa. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna anayeruhusiwa kurusha, parachuti iwe na tundu au isiwe nalo.

Mapezi yaliyovunjika yarudisheni kwa gundi ya mbao, si ile ya papo kwa papo ambayo hukauka ikawa kama kioo na kuvunjika tena. Wekeni gundi kidogo, iacheni ikauke, kisha pitisheni ukucha wenye gundi kwenye kona ambapo pezi linakutana na bomba. Tengenezo la namna hiyo mara nyingi huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Malindi. Nimeona maandishi kama C6-5 kwenye picha za injini za roketi hizi na sijui maana yake. Pia napenda kujua warushaji hujuaje roketi imefika juu kiasi gani, na kama naweza kutengeneza roketi yangu mwenyewe hapa nyumbani.
— Mpenda Anga

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Herufi inaeleza jumla ya msukumo wa injini, unaopimwa kwa nyutoni-sekunde, na kila herufi ina kikomo mara mbili ya ile iliyoitangulia: A ni hadi 2.5, B hadi 5, C hadi 10, D hadi 20, na kuendelea. Namba ya kwanza, hapa 6, ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Namba baada ya kistari, hapa 5, ni sekunde za kungoja tangu msukumo unapokwisha hadi mlipuko mdogo wa kufungua parachuti.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo yenye maana kubwa, ingawa wanaoanza hutazama herufi tu. Roketi hufunguliwa vizuri pale inapofika kileleni, ikiwa karibu imesimama. Ukichagua muda mfupi mno, parachuti hutoka roketi ingali ikipaa kwa kasi, na kamba inayoiunganisha na pua hulikata bomba la karatasi kwa urefu kama kisu kinavyopasua muwa. Ukichagua muda mrefu mno, roketi imeshageuka na inashuka kichwa chini. Parachuti hutoka kwenye upepo mkali na kuchanika. Roketi nzito huhitaji muda mfupi, nyepesi na nyembamba huhitaji mrefu.

Kupima urefu ni hesabu unayoijua tayari darasani. Simama umbali uliopimwa kutoka jukwaani, tuseme mita 100. Chukua pembe ya kupimia ya plastiki, funga uzi wenye nati katikati yake na mrija kwenye ukingo wake wa kunyooka, uifuate roketi kwa kuchungulia kwenye mrija, na ushike uzi kwa kidole mara tu roketi inapofika kileleni. Soma pembe ya mwinuko. Tanjenti ya pembe hiyo ukiizidisha kwa 100 inakupa urefu: nyuzi 45 ni mita 100, nyuzi 60 ni mita 173. Kosa lake ni kwamba roketi hugeukia upepo unakotoka, kwa hiyo haipandi wima juu ya jukwaa. Ndiyo sababu wapimaji makini huwa wawili, kila mmoja upande wake. Siku hizi wengi huweka kifaa kidogo cha kielektroniki ndani ya roketi kinachopima mgandamizo wa hewa na kukumbuka kilele, lakini mimi bado napenda uzi na nati, kwa sababu ukikosea unajua umekosea wapi.

Ama kutengeneza yako, jibu lina pande mbili. Fueli usiitengeneze kamwe, si kwa viberiti, si kwa mbolea, si kwa maelekezo ya mtu yeyote. Waliopoteza vidole kabla ya mwaka 1957 walikuwa vijana werevu kama wewe. Injini za kiwandani nazo zina baruti, kwa hiyo usiziagize wala kuzitumia kabla mwalimu wako hajauliza polisi na mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini unaweza kuanza hata Jumamosi hii kwa roketi ya maji. Chupa ya plastiki ya soda ya lita 2, ile iliyotengenezwa kuhimili gesi, ijazwe maji theluthi moja, izibwe kwa kizibo chenye vali, igeuzwe mdomo chini kwenye kishikio, na ipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Kishikio kifunguliwe kwa kamba ukiwa mbali, na mtu mzima awepo. Usitumie chupa ya glasi wala kopo la chuma. Hewa iliyobanwa huyasukuma maji chini, nayo chupa huenda juu, na utatoka umelowa.

Hata roketi hiyo ya maji inahitaji mapezi, na hapo utajifunza somo lenyewe la roketi. Mapezi ni kama manyoya ya mshale: hulazimisha mkia ubaki nyuma. Kanuni ni kwamba kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, kwa umbali usiopungua upana wa bomba. James Barrowman, mhandisi wa kituo kilekile cha Goddard na mrushaji wa roketi za karatasi, aliandaa katika miaka ya 1960 hesabu ya kutafuta kitovu hicho cha hewa ambayo mwanafunzi anaweza kuifuata kwa kalamu, na bado inatumika. Usipotaka hesabu, funga uzi mahali roketi inapolala sawasawa ikiwa tayari kurushwa, uizungushe hewani kuzunguka kichwa chako. Ikitangulia pua, iko salama. Ikienda mkia mbele au kubiringika, ongeza uzito puani, au panua mapezi.

Na kwa kuwa uko Malindi, huna haja ya kutazama mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililokuwa baharini kaskazini ya mji wenu, ikibeba setilaiti ya kutafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Setilaiti hiyo ilisimamiwa na Marjorie Townsend wa Goddard, naye akaiita Uhuru. Scout ilikuwa na hatua nne, zote za fueli yabisi, na kama ilivyo injini ya C6-5, ikishawashwa haikuwa na njia ya kuzimwa. Waulize wazee waliovua samaki upande ule. Wapo wanaokumbuka mlio wake.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, naishi Minneapolis na Desemba nasafiri kwenda Arusha. Nataka kumpelekea mpwa wangu roketi pamoja na injini sita. Nizifunge kwenye begi la mkononi au la kukabidhi?
— Mjomba Msafiri

JIBU: Mjomba, injini usizifunge popote. Ndege zinazobeba abiria kutoka Marekani haziruhusu injini za roketi kwenye begi la mkononi wala la kukabidhi, hata moja, hata ikiwa ndani ya pakiti yake ambayo haijafunguliwa, na viwashio vyake vihesabu katika marufuku hiyo hiyo. Usiziache pia kwenye buti la gari hapo uwanja wa ndege, kwa maana joto na baridi za kupokezana huifanya baruti iliyoshindiliwa iachane na ukuta wa karatasi, na injini ya namna hiyo hupasuka jukwaani badala ya kusukuma. Roketi yenyewe, yaani bomba, pua, mapezi na parachuti, haina tatizo. Iweke katikati ya nguo ili mapezi yasivunjike, na ukifika msaidie mpwa wako kutafuta chupa ya soda ya lita 2 na pampu ya baiskeli, kama tulivyomweleza kijana wa Malindi hapo juu.